MREJESHO: Usukani wa milimita 800, mikono kufa ganzi na tairi la mbele kuyumba mlimani

Wakuu, asanteni kwa ushauri. Niliuliza kuhusu baiskeli yangu: usukani mpana, mikono kufa ganzi, na tairi la mbele kuyumba nikipanda mlima. Matokeo ndiyo haya, nikibadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Upana kwanza. Kabla ya kushika msumeno, sogeza gripu (vishikio), breki na gia ndani milimita 10 kila upande, uendeshe hivyo siku kadhaa, kisha usogeze tena ikihitajika. Kwangu milimita 760 ndiyo imekaa: mabega yameshuka, na kwenye njia nyembamba usukani haugongi miti. Ukikata mapema na ukakosea, chuma hakirudi.

Ganzi haikutokana na upana. Usukani ulikuwa umezungushwa nyuma mno, ncha zikaangalia chini, kifundo cha mkono kikapinda. Niliuzungusha mbele kidogo tu, kisha nikashusha breki hadi vidole viwe mstari mmoja na mkono. Ganzi kwisha.

Kuyumba mlimani: stemu (kipande kinachounganisha usukani na uma wa mbele) ya milimita 35 ilikuwa fupi kwa fremu hii. Ya 50, na pete moja ya milimita 10 ikihamia kutoka chini ya stemu kwenda juu yake ili usukani ushuke, imeongeza uzito mbele.

Cha kuzingatia: boliti nne za uso wa stemu, zinazobana usukani, hukazwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, hadi Nm 5, kipimo cha nguvu ya kukaza (angalia namba iliyoandikwa kwenye stemu yako), nafasi ya juu na chini ya kibano ikilingana. Na boliti ya kifuniko cha juu hukazwa kabla ya zile za pembeni ya stemu, la sivyo uma utacheza ukishika breki ya mbele.