Kimbunga Hidaya: walioko Kilwa mnipe hali

Wakuu, nasikia Hidaya imeshaingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, sasa mama yupo Kilwa na simu haipatikani toka asubuhi, kuna mtu yuko huko?

– Pole mkuu, umeme hakuna na mtandao unakuja unakata. Nipo Kilwa Masoko, upepo umeng'oa minazi miwili ya jirani, mmoja ukalalia choo, bahati hakukuwa na mtu ndani.

– Usije ukapanda basi kumfuata, barabara imekatika Somanga, maji yamebeba daraja.

– Hata boti za Zanzibar zilisitishwa, TMA (mamlaka ya hali ya hewa) walisema mapema sie tukacheka eti Bongo hakuna vimbunga, haya.

– Nimempata jamani! Kumbe chaji tu, analalamikia kuku wake wamelowa.