Nguo gani inakaa vizuri kwenye picha ya kazini? (Tabora mjini)

Binti_Cheyo
Habari za jioni wadau. Ijumaa nina miadi studio hapa mjini, picha rasmi ya kazini kuanzia kifuani kwenda juu, pazia la nyuma kijivu iliyokoza. Nina koti la suti la bluu iliyokoza (mtumba, mabega yamekaa sawa ila kiunoni linapwaya), blauzi nyeupe ya satini, shati la mistari myembamba na gauni la kitenge lenye maua makubwa. Shingo yangu ni fupi na mikono ya juu imejaa. Nichukue ipi? Na koti nilipunguze?

Mpigapicha_TBR
Dada, chukua koti. Chini yake usivae hiyo satini: flashi ikiipiga, kila mkunjo wa kifuani unang'aa na jicho la mtazamaji linaanzia hapo badala ya usoni. Tafuta blauzi ya pamba au krepu isiyong'aa, rangi ya maziwa au waridi iliyofifia. Nyeupe kabisa ikitawala picha inatusumbua sana sisi wenye ngozi nyeusi. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe inapunguza mwanga wa picha nzima, uso unazama gizani. Mpiga picha akiongeza mwanga kuokoa uso, blauzi inapoteza mikunjo na mishono yote, inabaki kama karatasi.

Shati la mistari liache nyumbani. Mistari iliyokaribiana hugongana na mpangilio wa vitone vya kamera, yakatokea mawimbi ambayo kwenye kitambaa hayapo, na picha ikipunguzwa ukubwa yanaweza kuzidi. Lipige kwa simu, kisha ipunguze hiyo picha uone mistari inavyocheza.

Kwa shingo fupi, vaa shingo ya V, ncha yake iishie kama vidole vinne chini ya kishimo cha koo. Usishuke zaidi, maana picha ikikatwa kifuani itaonekana ngozi tupu kama vile hujavaa kitu. Kola iliyofungwa hadi juu na mkufu mnene unaobana koo, hapana. Mikono usiiwazie, koti limeifunika.

Kitenge kinapendeza, lakini hapa maua yatakatwa nusu na kushindana na uso. Kiweke kwa picha ya mwili mzima.

Jambo moja la kumwambia mpiga picha mapema: koti lako limekoza na pazia limekoza. Aweke taa ya nyuma iguse mabega na nywele, la sivyo mabega yatamezwa na pazia.

Fundi_Isevya
Kama mabega yamekaa, umeshapata koti. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia; hapo ndipo pagumu kurekebisha, kwa sababu lazima mikono ifumuliwe yote na bitana ifunguliwe. Kiunoni ni kazi nyepesi. Fundi aingize sentimita 1 hadi 1.5 kila upande kwenye mishono ya ubavuni, asikate kitambaa cha ziada. Kisha funga kifungo na upitishe kiganja kilichonyooka kati ya koti na tumbo. Kikipita bila kusukuma, basi. Ukiona mikunjo yenye umbo la X inatokea kwenye kifungo, limebana, aachie.

Huna muda wa fundi? Picha ni ya mbele tu: kusanya kitambaa kinachopwaya mgongoni na ukibane kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo. Usivute sana, kola ya mbele itaachana na kifua.

Ukikaa, fungua kifungo, kisha kalia ncha ya nyuma ya koti. Usipoikalia, koti linapanda na kufanya nundu nyuma ya shingo, na shingo fupi inazidi kupotea.

UmmuS
Na sisi wa hijabu? Halafu wengine wanataka kupigwa nje, chini ya miembe.

Mpigapicha_TBR
Dada UmmuS, mtandio usiong'aa, rangi iachane na pazia na pia na koti. Pini iwe pembeni, isikae chini ya kidevu, na kitambaa kisijikusanye hapo kwani kinaleta kivuli na kuongeza kidevu. Kofia ya ndani ifanane na mtandio.

Chini ya mwembe mwanga unaopita kwenye majani unatia ukijani usoni, na nguo nyeupe inaubeba wote. Tena jua linapenya vipande vipande, shavu moja linang'aa na jingine giza. Simama kwenye kivuli cha jengo, uso uelekee anga iliyo wazi.

Kiangazi hiki vumbi halikosekani, na bluu iliyokoza inalionyesha lote. Koti liende kwenye mfuko limening'inizwa, ulivae ukishafika. Beba seloteipu: izungushe kiganjani upande wa gundi ukiwa nje, upige mabega na kola kabla ya kukaa.

Binti_Cheyo
Asanteni sana. Kesho asubuhi koti linaenda kwa fundi, blauzi ya krepu naitafuta sokoni.