Mafua ya watoto tangu korona ipite, mbona yamerudi kwa fujo?

mama_wawili_uyole
Wakuu habari za baridi. Mtoto wangu wa kwanza wa 2017 hakunisumbua kabisa, ila huyu mdogo wa 2021 ana miaka miwili sasa na ni mafua juu ya mafua, akipona wiki mbili anaanza tena, kifua kinakoroma usiku mpaka silali. Majirani wanasema korona imewaua kinga watoto wa kipindi hiki. Ni kweli? Naogopa jamani

nesi_wodi_ya_watoto
Pole sana dada. Kinga haijafa. Kilichotokea 2020 watu wakajifungia, shule zikafungwa, barakoa kila kona, basi flu ikakaribia kupotea dunia nzima na kile kirusi cha RSV kinachobana vifua vya watoto wachanga nacho kikakosa njia. Watoto wakazaliwa wakakua bila kukutana nacho, na mama zao pia walikaa muda bila kukipata kwa hiyo kinga wanayomrithisha mtoto tumboni ikapungua. Walipofungua, wale wote wakaugua kwa mkupuo. Tena nje ya msimu, Australia RSV ilipanda mwishoni mwa 2020 wakati kwao ni joto, Marekani katikati ya 2021. Na kuna aina ya flu, B/Yamagata, haijathibitishwa popote tangu Machi 2020. Ila mafua ya kawaida ya rinovirusi hayakuondoka hata kipindi kile, sanitaiza haiviwezi vizuri hivyo virusi

mnyalu_mafinga
Nesi umeeleza vizuri ila mi naona hiyo ni zaidi ya wenzetu. Sisi shule zilifungwa Machi 2020, mwisho wa Juni zote zikawa wazi, daladala zimejaa, sokoni tumebanana, hivyo virusi vilikuwa vinazunguka tu. Dada hebu niulize, jiko la mkaa unaliweka ndani usiku? Huku Mafinga mwezi wa saba kila nyumba dirisha limefungwa, mkaa unawaka, mtoto kalala hapo hapo. Wangu alikuwa hivyo hivyo, tulipotoa jiko nje kile kikohozi cha usiku kikapungua sana

mama_wawili_uyole
Jiko lipo ndani kaka, baridi ya Uyole unaijua. Na huyu mdogo analala na dada yake anayetoka shule na makamasi kila siku

nesi_wodi_ya_watoto
Hapo mnyalu kanipiku, nakubali. Mtoto wa umri huo kupata mafua mara sita hata nane kwa mwaka ni kawaida dada, hasa akiwa na mkubwa shuleni. Jiko litoke leo, mkaa ndani unaweza hata kuua watu usingizini. Usimpe antibayotiki za dukani, hazifanyi kitu kwa virusi. Akiwa ametulia mfunue kifua hesabu pumzi dakika nzima, zikifika 40 au kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu au hanywi kitu, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali

mama_wawili_uyole
Nimehesabu sasa hivi kalala, 28. Jiko nimeshalitoa. Ndaga fijo