Columbia, McGraw au Oxford: mwandishi wa uchumi aombe wapi?

Binti_Masoko
Wakuu, heshima kwenu. Naandika habari za biashara na uchumi, huu ni mwaka wa tisa. Nataka kuomba ufadhili, na nafasi niliyonayo inatosha kuandaa ombi moja tu la maana. Nimebaki na matatu: Knight-Bagehot ya Columbia, New York; ruzuku ya McGraw, hukohuko New York; na Reuters Institute ya Oxford. Nianze na ipi?

Mzee_wa_Mizania
Dada, umeuliza njia bila kusema unakwenda wapi. Umeajiriwa au unajitegemea? Una habari mkononi au unatafuta shule? Una familia? Haya matatu hayafanani hata kidogo. Knight-Bagehot, iliyoanza 1975, ni darasa: mwaka mzima wa masomo unasoma fedha, uhasibu na sheria pale chuoni, ada inalipwa na posho unapewa. Wanataka angalau miaka minne kazini. McGraw haikuweki darasani. Inakupa hadi dola 15,000 ukafanye habari nzito, na wao wanataka miaka mitano. Oxford unakwenda na mada yako ya utafiti, unarudi kazini.

Kalamu_Huru
Columbia, bila kupepesa macho. Shida yetu dawati la biashara si nauli, ni kusoma hesabu. Benki ikitangaza faida, tunaandika faida. Nani hapa hufungua ukurasa wa mikopo chechefu, ile isiyolipwa?

Mjukuu_wa_Newala
Popote utakapoomba, soma kwanza kifungu cha malipo. Mimi niliwahi kupata ruzuku ya shirika moja la Ulaya: nusu ukisaini, nusu habari ikichapishwa. Sikuona tatizo, mhariri wangu alikuwa ameshaandika barua ya kuikubali. Nikaenda Tunduma, nikalala nyumba ya wageni wiki mbili nikilinganisha nyaraka za mizigo na malori yaliyokuwa yanapita kweli. Hela ikakata, nikakopa saccos nimalizie. Habari ikafika mezani, ndani yake kuna kampuni inayonunua matangazo kwetu kila wiki. Mhariri akasema tusubiri kidogo. Kidogo ikawa miezi minne, kisha wakubwa wake wakaifuta. Nikawaandikia wafadhili. Wakajibu kwa upole kabisa: haijachapishwa, awamu ya pili hakuna. Mkopo ulikatwa kwenye mshahara wangu mwaka mzima. Lakini hela haiumi kama yule karani aliyenipa nyaraka akihatarisha kibarua chake. Mpaka leo sijui nimwambie nini.

Mzee_wa_Mizania
Pole sana mdogo wangu. Hapo pa kukomaa ni neno moja: mkataba useme "ikikabidhiwa", siyo "ikichapishwa". Na uwe na chombo cha pili mfukoni.

Binti_Masoko
Pole kaka, imenigusa. Wakuu, nisameheni sikueleza. Nimeajiriwa, gazeti la Kiswahili. Mtoto mmoja, miaka mitatu. Habari ninayo: korosho. Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba, nilikuwa Mtwara. Nataka kujua ni nani anabaki na hela kati ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, na mnunuzi wa India au Vietnam.

Kalamu_Huru
Sasa umebadilisha kila kitu! Maombi yote hayo ni ya Kiingereza. Kazi zako nani atazitafsiri?

Mama_Dawati
Hilo ndilo linaloniudhi. Mkulima wa Tandahimba anasoma Kiswahili, habari yake tuipeleke New York ikapimwe? Tanzania Media Fund ilipoanza 2008 iliwapa waandishi ruzuku wakaenda vijijini, wakaandika kwa lugha yetu. Na Bloomberg tangu 2014 wamefadhili mafunzo ya uandishi wa fedha hapa Afrika, Strathmore ya Nairobi ikiwemo. Unasoma bila kumwacha mtoto mwaka mzima.

Kalamu_Huru
Mafunzo ya hapa hayafanani na mwaka mzima pale Columbia, mama.

Mama_Dawati
Hujanyonyesha wewe.

Mjukuu_wa_Newala
Tukirudi kwenye korosho, ile 3,300 ilikuwa bei nzuri. Nyumbani kwetu walishangilia.

Mzee_wa_Mizania
Bei nzuri, malipo je? Watu walisubiri uhakiki wa mashamba kwa sababu ya kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela. Wapo waliouza kwa hao walanguzi mapema kwa njaa tu.

Mjukuu_wa_Newala
Kangomba walikuwepo kabla ya 2018, mzee. Tatizo ni makato kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala. Dada, una hesabu za chama cha msingi hata kimoja?

Binti_Masoko
Ninazo za misimu miwili, zimeandikwa kwa mkono. Ukurasa wa makato haujumlishi sawa na nimeurudia mara tatu.

Mjukuu_wa_Newala
Njoo inbox. Ufiche jina la chama kwanza.