Reitingi imegoma 800: nifanye nini?

Chipukizi64
Habari wakuu. Nacheza sataranji kwenye tovuti ya Lichess, mechi za dakika 3, na reitingi (alama za kiwango changu) haivuki 800. Nimekariri hatua nane za ufunguzi (mpangilio wa hatua za mwanzo) wa Kiitaliano ila wapinzani hawazifuati. Wanamtoa malkia mapema hadi mraba wa h5 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari), napigwa meti (mfalme anashambuliwa na hana pa kukimbilia) au naliwa kete bure. Nianzie wapi?

NgomeMbili
Dakika 3 ziweke kando kwanza, zinazoesha mkono kusogeza kabla jicho halijaangalia. Cheza dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mechi moja au mbili kwa siku zinatosha.

Mpinzani akishacheza, jiulize: hatua hii inatishia nini? Kisha tazama cheki (hatua za kumshambulia mfalme) zote zilizopo na kete zote zinazoweza kuliwa, zako na zake. Ukishachagua hatua, kagua mraba unaokwenda: nani anaushambulia, nani anaulinda? Thamani unazijua: askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ukimla kwa ngome askari anayelindwa, umetoa 5 kupata 1. Kwa kiwango hicho mechi nyingi huamuliwa na kete iliyoachwa wazi, si na ufunguzi.

Na huyo malkia wa h5 mfukuze kwa askari g6, basi.

Farasi_f6
Taratibu na hiyo g6, mkuu, mpangilio una maana yake. Ikiwa mpinzani mwenye nyeupe kaanza na askari e4, wewe askari e5, halafu yeye malkia h5 papo hapo, ukicheza g6 malkia anamla askari wa e5 kwa cheki, na hapo hapo anaitazama ngome yako ya h8, kwa sababu askari wa g7 keshaondoka njiani. Ngome imekwenda.

Kwanza farasi c6, kulinda e5. Akileta askofu c4, sasa anatishia meti pale f7. Ndipo unacheza g6. Malkia akirudi f3, bado anaililia f7, unamziba kwa farasi f6. Kosa la wengi ni kucheza farasi f6 mapema wakidhani wanamfukuza malkia: anakula f7, na ni meti. Ukivuka hapo umemzidi, maana wewe umeshatoa farasi wawili naye anakimbiza malkia huku na huko. Usimwinde. Toa maaskofu, mfiche mfalme kwa ile hatua ya pamoja na ngome, endelea.

Chipukizi64
Asanteni, hiyo ya g6 ndiyo iliyokuwa inanimaliza! Na mafumbo ya sataranji (kutafuta hatua bora kwenye ubao uliopangwa) je? Nafanya mengi ila sioni faida.

NgomeMbili
Sahihisho zuri, Farasi. Chipukizi, huenda unayakisia. Usiguse kete mpaka uwe umeona na jibu la mpinzani. Chagua mada moja, mfano farasi kushambulia kete mbili kwa mpigo, ukae nayo wiki nzima. Mechi ikiisha, ipitie mwenyewe kabla ya kuwasha injini (programu ya kompyuta inayochambua mechi). Tafuta hatua ambapo mambo yaligeuka na uandike ulikuwa unafikiria nini. Injini itakuonyesha hatua bora, lakini haijui kilichokupoteza.

Farasi_f6
Ongeza meti ya malkia na mfalme dhidi ya mfalme peke yake, wengi hutoa sare mchezo walioushinda. Mbane kwa malkia akiwa umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme wake, ukimfuata kila anaposogea. Akiingia pembeni kabisa, acha kumfuata: mfalme h8, malkia wako g6, zamu yake, hana pa kwenda na hayupo kwenye cheki. Sare. Badala yake mweke malkia e7, abaki akitembea g8 na h8 tu, halafu mlete mfalme wako hadi g6. Hatua inayofuata, malkia g7, meti.

Chipukizi64
Nafungua ubao wa mazoezi sasa hivi.