Mdogo wangu akila tu anajifungia chooni, nifanyeje?

Dada_Tabata: Wakuu, wakubwa shikamooni. Naishi na mdogo wangu wa kike, miaka 22. Wali anaurudia mara mbili, kisha anaingia chooni na kufungulia bomba tusisikie kitu. Anatoka macho mekundu, mashavu yamevimba kama ya mwenye matubwitubwi. Ukimwuliza, gesi. Hajakonda. Silali jamani.

Mjomba_Kaka: Mimba hiyo. Andaa beseni.

Kisu_Butu: Vidonda vya tumbo. Mimi vilinishika 2016 nikiwa Morogoro, mke wangu akawa ananitwangia kabichi alfajiri na kuikamua, kikombe kizima kabla ya jua. Mpaka leo nikisikia harufu ya kabichi namkumbuka, Mungu amrehemu. Mpe kabichi.

Mama_Wawili: Ni hizi simu. Sisi tulikula tulichopakuliwa na kushukuru. Mwombeeni.

Nesi_Zamu: Dada, mtazame vifundo vya vidole, vina sugu? Ilianza lini? Na nani anamsema mwili wake?

Dada_Tabata: Sugu zipo, vidole viwili. Ilianza Januari.

Nesi_Zamu: Swali la tatu umeliruka.

Dada_Tabata: Haya. Anaolewa mwezi ujao. Gauni la sendofu lilimbana, nikamwambia mbele ya mashangazi kuwa atatuaibisha ukumbini. Na chai ya kupunguza mwili, ile ya kuharisha, nimemnunulia mimi. Lakini kwetu tunaambiana hivyo, sikuwa na ubaya. Hospitali tutaenda harusi ikipita. Wakwe wakisikia habari za akili watarudi nyuma, na kadi zimeshagawiwa. Wiki tatu si nyingi.

Mzee_Mpole: Chai ndani ya chai. Akaunti ya juzi, machozi yamepangwa kama tamthilia. Hayo ni magonjwa ya kina Princess Diana, alikiri mwenyewe kwenye runinga 1995. Mswahili gani atapike wali kwa bei hii ya mchele?

Mjomba_Kaka: Leta picha ya gauni.

Kimya_Kingi: Mzee, ni mimi. Miaka sita, nikiwa chuo Dodoma. Sikukonda, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Aliyegundua ni daktari wa meno: ya juu yalikuwa yameliwa kwa ndani na tindikali ya tumbo. Baadaye nilianguka darasani, potasiamu imeshuka, moyo unapiga ovyo. Dada, chai hiyo inamkausha madini yaleyale. Itupe leo. Akitapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo. Usimhesabie matonge wala usimvizie mlangoni. Mama yangu alikuwa akinisuka kila baada ya chakula, hasemi neno, mpaka ile hamu ya kutapika ipite.

Nesi_Zamu: Inaitwa bulimia, na inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, wengine huongezewa dawa. Kwanza damu na moyo vipimwe, wiki hii. Muhimbili wana kitengo cha afya ya akili. Akizimia au moyo ukienda mbio, usingoje kesho.

Mzee_Mpole: Kimya, pole. Nimekuelewa.

Dada_Tabata: Fundi nimempigia, gauni ataliachia mishono ya ubavuni. Hospitali bado nawaza nitamwambiaje mama. Ngojeni, anagonga mlango. Anauliza chai yake iko wapi.