Wadau wa gemu za kikapu: mpira ukishikwa, nani anaamua kama unaingia? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Tunaocheza gemu za umeneja wa kikapu, zile unazosajili na kupanga timu halafu kompyuta inacheza mechi, tukutane hapa. Mimi niko Basketball GM, ile ya bure ya kwenye kivinjari, na raha yangu ni kufuatilia shambulizi mojamoja.

Nilichokiona ni kwamba gemu haipigi kura moja (yaani kuchomoa namba ya bahati) ikamaliza. Kwanza inaangalia kama mpira unapotea kabla ya kurushwa: uwezo wa wenye kuumiliki unapimwa dhidi ya walinzi wa upande wa pili. Ukivuka hapo, anachaguliwa mrushaji. Mwenye uwezo mkubwa wa kufunga huangukiwa mara nyingi zaidi. Halafu aina ya mrusho: chini ya ringi, umbali wa kati au pointi tatu. Ndipo inakuja asilimia yenyewe ya mpira kuingia, na humo mna uchovu, pasi aliyopewa, ulinzi, hata faida ya kucheza nyumbani. Ukikosa, ribaundi, yaani nani anaokota mpira uliokosa, nayo ina kura yake.

Kwa kuwa kupoteza mpira ndiko kunaangaliwa kwanza, mimi nasajili mtu wa chenga kabla ya mfungaji wa pointi tatu. Nyie je?

*Mdau, Mwanza*
Mkuu umegusa penyewe. Angalia zile alama ndogo pembeni ya jina: 3 (mrushaji wa pointi tatu), B (mtu wa chenga), Ps (mpiga pasi), A (mwenye nguvu na kasi). Nilikuwa na wafungaji watupu, namba zao zinang'aa, timu haiendi. Nikamtoa mmoja nikaleta mtu mwenye B na Ps, kwenye jumla ya uwezo yuko chini kabisa ya yule. Walewale wenzake wakaanza kufunga. Gemu inahesabu wanavyokamilishana.

*Mdau, Nairobi*
Mimi ni wa BuzzerBeater, gemu nyingine ya umeneja wa kikapu ya mtandaoni. Huku magadi wako (guards, wale wachezaji wa nje wanaopanga mpira) wakizidiwa na ulinzi wa nje, mrefu wako anaweza kuwa hodari kiasi gani, mpira mzuri haumfikii. Mbinu nayo ina kazi: ukichagua kucheza taratibu mnakula saa, mashambulizi yanapungua. Nikikutana na timu kubwa huwa napunguza mwendo makusudi, kwa sababu kura zikiwa chache mnyonge ana nafasi.

*Mdau, Dodoma*
Huyo wa Nairobi kasema kweli, nami nimeiona kwa macho. Niliandika kigemu changu kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kompyuta inachomoa namba kati ya 0 na 1. Ikiwa chini ya 0.36, pointi tatu imeingia. Viwango nilivichukua kwa kukadiria NBA, ligi ya Marekani, ya miaka hii: tatu karibu asilimia 36, mbili karibu 54. Zidisha uone: zote mbili ni pointi 1.08 kwa mrusho. Basi aina ya mrusho peke yake haikupi ushindi. Kilichotenganisha timu zangu ni mipira iliyopotea na ribaundi za kushambulia, maana ukiokota mpira uliokosa, shambulizi ni lilelile, unarusha tena.

Nilipobakiza mashambulizi ishirini kwa kila timu, dhaifu ilishinda mara nyingi. Nilipoyafikisha mia, kama mechi ya NBA ilivyo kwa wastani, mbabe alianza kuonekana.

*Aliyeanzisha*
Mkuu wa Dodoma, faulo umeziwekaje? Mitupo huru kwangu ndiyo inageuza mechi za mwisho.

*Mdau, Dodoma*
Bado ni kura moja tu baada ya mrusho. Faulo ya makusudi ya kusimamisha saa dakika za mwisho sijaiandika, ndiyo ninayohangaika nayo sasa. Mwenye njia aiweke hapa.